Zindi Bado Yuko Hewani

Ile jioni nilikuwa nimejiandalia kama mtu anayengoja wageni. Chai ya tangawizi ilikuwa kwenye thermosi, watoto walikuwa wamekula mapema, mlango nilikuwa nimeufunga, na miguu yangu ilikuwa juu ya stuli. Nikavuta zipu ya kile kifuko chekundu cha Biblia, nikatia mkono nitoe kitabu changu cha mchawi, na mkono ukatoka na Biblia.

Tena si Biblia yangu. Ilikuwa ya Kimaasai, ya Yeyo, mama mkwe wangu, yenye kurasa zilizolainika kwa kushikwashikwa, na picha ya marehemu mumewe imelala katikati ya Zaburi.

Kama Biblia ya Yeyo iko mapajani mwangu hapa Kitengela, basi kitabu cha mchawi kiko Kajiado, hospitalini, chini ya mto wa Yeyo. Na kesho Yeyo anapasuliwa. Labda niseme alikuwa apasuliwe, kwa sababu akikifungua kile kitabu hatakubali kuguswa na daktari yeyote.

Najua kuna mtu ameshaanza kunihukumu. Mtu mzima, mke wa watu, anasoma vitabu vya wachawi akivificha ndani ya kifuko chenye msalaba. Basi na anisikilize kwanza.

Kitabu ni cha binti yangu Seleyian, alikitoa kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi. Nilikichukua nikikague, kama mzazi mwema. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikiwa nimekunja uso, na kabla sura haijaisha nilikuwa nacheka kiasi kwamba mteja mmoja alidhani namcheka yeye. Mimi nina duka la dawa za mifugo, nauza dawa za minyoo na chakula cha kuku, na mteja huyo alikuwa ameuliza tu dawa ya kupe.

Huyo mchawi anaitwa Zindi. Ana miaka kumi na mitano, uchawi ameurithi kwa mashangazi zake, na hakuna kitu anachokifanya kikatokea sawa. Fagio lake hupaa kwa ubavu. Rafiki yake ni kuku mmoja mnene anayemzidi akili, na mimi ninayeuza chakula cha kuku nakwambia huyo mwandishi kuku anawajua. Zindi alijaribu kumroga mwalimu wa hesabu asahau mtihani, mwalimu akaanza kuimba majibu yote mbele ya darasa, na mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Shetani simwoni humo hata kidogo. Ninachoona ni mashangazi wengi na aibu nyingi, na hayo yote niliyapitia nikiwa na umri wake.

Shida ni jalada. Msichana amevaa kofia ndefu yenye ncha, amepanda fagio, mwezi uko nyuma yake na kuku amekaa mkiani. Huwezi kuweka picha kama hiyo kwenye kaunta wakati nusu ya wateja wako ni akina mama wa kanisa. Sasa, Sikukuu ya Akina Mama iliyopita kanisa lilitupa kila mmoja wetu, Yeyo akiwemo, kifuko cha Biblia, chekundu, chenye zipu na msalaba wa dhahabu. Vyote sawa kama mayai. Zindi akaingia kwenye changu, akatoshea vizuri.

Elizabeth, mwenyekiti wa akina mama, akapita dukani siku moja akanikuta nimeinamia kile kifuko nikifuta machozi. Yalikuwa machozi ya kicheko. Jumapili akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba Mama Seleyian siku hizi analia akisoma Neno. Watu wakapiga makofi. Ungekuwa wewe ungesimama useme nini?

Hayo ni ya kuchekesha. Ya Yeyo hayachekeshi.

Yeyo ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu, ni mama kwa Kimaasai. Anaishi huko Kimuka na mbuzi wake. Ameokoka zamani sana, lakini ndege bado anawasikiliza. Ndege akilia upande wake wa kulia, safari ni njema. Akilia kushoto, Yeyo anarudi nyumbani na hakuna wa kumshika. Madaktari walipogundua ana mawe kwenye nyongo tulimpeleka apasuliwe, na pale langoni mwa hospitali, akishuka kwenye gari, ndege akalia kushoto. Alisema, "Enkai imesema hapana," yaani Mungu amekataa, akarudi kwenye gari, akafunga mlango. Mume wangu Leshan alimbembeleza mama yake mpaka sauti ikamkauka. Wapi.

Tangu siku hiyo maumivu yalizidi, macho yakaanza kuwa ya manjano. Daktari alituambia wazi: akikataa tena, hiyo nyongo itaoza ndani yake, na kwa umri wake hatatoka salama. Nilienda Kimuka mimi mwenyewe. Nilimwambia Yeyo mama yangu mzazi alikufa nikiwa darasa la saba, na kwamba nimekuwa mtoto wake miaka mingi kuliko niliyoishi na huyo mama. Nilimwambia sina mama mwingine wa akiba. Kisha akasema atakubali, ila Biblia yake iwe chini ya mto wake. "Nikiwa nayo," alisema, "hata ndege walie wote pamoja."

Ni mimi niliyempangia begi, hapa kwangu Kitengela, alipolala njiani kwenda hospitali. Shuka, beseni, sabuni, kikombe, na kifuko chekundu nilichokichukua juu ya meza bila kukifungua.

Basi jioni ile nilimpigia Leshan, aliyekuwa Kimana akinunua mbuzi. Nilipomweleza alicheka.

"Lakini mama hajui Kizungu," alisema.

"Picha anajua."

Kicheko kikakatika. "Wanjira," akasema polepole, "ataondoka. Atatoka hapo kwa miguu hata kama ni usiku."

"Nimpigie?"

"Mpigie na nini? Si unajua simu yake anazima?"

Kweli. Simu ya Yeyo huzimwa ili chaji isiishe, na huwashwa akiwa na jambo la kusema yeye. Nilijaribu ya wodi, ikalia mpaka ikachoka. Usiku huo sikulala. Kila nilipofumba macho nilimwona Yeyo akivuta ile zipu.

Asubuhi ilikuwa imepangwa kwamba Mchungaji Musau atanipitia twende kumwombea mgonjwa kabla ya upasuaji. Kwa hivyo fikiria: mtu niliyetaka sana asifike hospitali ndiye aliyekuwa na gari. Elizabeth alikuwa amekaa mbele. Mimi nilikaa nyuma nimekumbatia kifuko, nikipanga kwamba tukifika tu nitatangulia mbio, nibadilishe vitabu, na dunia iendelee.

Mchungaji ni dereva mwangalifu, Mungu ambariki. Malori yalitupita, pikipiki zikatupita, na nadhani hata punda mmoja mwenye mkokoteni alitukaribia. Nikabana meno.

"Mama Seleyian," Elizabeth akageuka, "tusomee Zaburi kidogo, wewe ambaye Neno limekukaa."

Nikafungua zipu. Hapakuwa na njia nyingine. Akaona maandishi.

"Ai! Unasoma ya Kimaasai?"

"Najifunza," nikasema. "Nataka nimsomee Yeyo."

"Enkai! Mchungaji, umesikia? Mkikuyu huyu! Soma basi tusikie."

Mimi Kimaasai changu ni cha kusalimia na kuuza dawa ya minyoo. Nilisoma. Elizabeth, ambaye alizaliwa nacho, alinisahihisha kila neno, kwa upendo, mpaka tukaingia Isinya ulimi wangu ukiwa umevimba. Hapo Mchungaji akasimama anunulie mgonjwa machungwa. Akachagua moja, akalinusa, akalirudisha. Akachukua lingine. Nilimtazama kupitia dirishani nikahisi machozi yanakuja, na safari hii hayakuwa ya Zindi. Nilikuwa naogopa. Niliwaza Yeyo yuko barabarani, peke yake, ameshika ubavu, anarudi Kimuka kufa kwa sababu mimi nilitaka kucheka kaunta.

Baada ya Isinya ng'ombe wakavuka barabara, wengi, bila haraka yoyote. Mchungaji akazima gari. "Tusiwasumbue," akasema.

Tulipofika nilitoka kabla gari halijasimama vizuri. Nilipita lango, nikapita foleni ya dawa, nikaingia wodini nikihema, nikaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Yeyo karibu na dirisha.

Kilikuwa kitupu. Blanketi limekunjwa vizuri, anavyokunja yeye. Nikainua mto. Hakuna kitu. Nikainama nikatazama chini ya kitanda, mahali nilipomwachia viatu vyake vya akala. Havikuwepo.

Elizabeth na Mchungaji wakanifikia. "Amepelekwa thieta tayari?" Elizabeth akauliza.

"Mtu hapelekwi thieta na akala," nikasema. "Ameenda nyumbani." Nikakaa juu ya kitanda chake. "Ameenda, na ni mimi."

"Ni wewe aje?"

Hapo ndipo niliposikia watu wakicheka huko nje. Na katikati ya hicho kicheko kulikuwa na sauti moja kavu iliyokuwa inalalamika: "Wacha! Wacha, mtoto, utaniua, ubavu unauma!"

Nikaifuata sauti. Nyuma ya wodi kuna baraza inayopata jua la asubuhi. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi na sakafuni, wengine na madripu yao. Katikati alikaa Yeyo, shuka mabegani, akala miguuni, kifuko chekundu kimefunguliwa mapajani. Kando yake msichana wa shule mwenye plasta mguuni alikuwa ameshika Zindi wangu, akisoma Kizungu kimyakimya kisha akiwageuzia kwa Kiswahili chake.

"Sasa huyo kuku anamwangalia hivi, anamwambia, si nilikushow? Nilikushow usiguse hiyo sufuria!"

Baraza nzima ikacheka. Yeyo alijishika ubavu, machozi yanamtiririka. Macho yake yalikuwa ya manjano zaidi ya jana, na alikuwa anacheka.

Mchungaji akakohoa, akamsalimia kwa Kimaasai. "Takwenya, mama. Tunasoma nini leo?"

"Iko, Mchungaji. Kaa chini, umechelewa," Yeyo akaitikia. "Lorna, ngoja kidogo. Huyu ni mchungaji wetu."

Lorna akakifunga kitabu kwa heshima, na alipokifunga jalada likatazama juu. Kofia, mwezi, fagio, kuku. Elizabeth alilitazama jalada, akatazama kifuko chenye msalaba, kisha akanigeukia mimi. Alikuwa anahesabu kichwani, na nilimwona akipata jibu.

"Mama Seleyian. Hii ndiyo ilikuwa inakutoa machozi?"

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa na nguvu ya uongo mwingine. "Ni changu. Nilikosea vifuko. Yeyo, nisamehe, Biblia yako ni hii hapa."

Yeyo akaipokea, akaifungua mahali pa picha ya mumewe, akahakikisha yupo, akaifunga. "Hii ni kitabu ya uchawi, mama!" Elizabeth akamwambia, sauti imepanda.

"Mchawi gani huyu?" Yeyo akamjibu. "Mchawi anaosha vyombo? Mchawi anaomba mama yake ruhusa ndio atoke? Mimi nimekua nikisikia habari za wachawi, Elizabeth, na hakuna hata mmoja alinichekesha."

Kisha akanigeukia, akaniita kwa jina analoniita tangu binti yangu azaliwe, mama wa Seleyian. "Ngoto Seleyian, kuja hapa. Jana jioni nilifungua. Niliona hiyo picha, nikavaa viatu."

"Nilijua," nikasema.

"Nilifika kwa mlango. Huyu mtoto akaniita kama nyanya yake, Kokoo, hiyo kitabu nilinyang'anywa shule nikiwa katikati, tafadhali nione kidogo tu. Nikamwambia asome ukurasa moja haraka, mimi naenda. Nikakaa kwa kitanda yake na viatu." Akainua mguu mmoja, akautazama. "Nililala nazo. Sijavua mpaka saa hii."

Watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Akanivuta karibu, akashusha sauti, na aliyoyasema nadhani tuliyasikia mimi na yeye tu.

"Mimi sikuwa naenda kwa sababu ya kitabu. Nilikuwa nimeogopa tangu asubuhi. Hata ile siku ya ndege nilikuwa nimeogopa kabla ndege hajalia. Nilikuwa nangojea tu kitu kinipatie njia ya kurudi. Watanikata, mtoto wangu. Watanilaza niwe kama mtu amekufa, na sijui kama nitarudi."

Nilitaka kumwambia usiogope, lakini ningekuwa nimemdanganya. "Hata mimi naogopa, Yeyo," nikasema. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto sana.

Nesi akatokea mlangoni na kiti cha magurudumu. "Kokoo, ni wewe sasa. Utoe viatu."

Yeyo akatazama kile kiti, kisha akamtazama Lorna. "Tumefika wapi?"

"Zindi ameruka kutoka juu ya paa ya shule, Kokoo," Lorna akasema. "Bila fagio. Kuku alikuwa anaanguka, sasa amemfuata. Sura imeishia hapo."

"Yuko hewani?"

"Yuko hewani. Imebaki sura moja."

Yeyo akafikiri. Akatoa kitabu mikononi mwa Lorna, akakitia kwenye kifuko, akavuta zipu yeye mwenyewe mpaka mwisho, akanipa mimi. "Usisome. Ukisoma nitajua. Tutasoma nikitoka." Kisha akainama, taratibu, akavua akala, moja halafu nyingine, akazipanga chini ya benchi kama mtu atakayezirudia.

Mchungaji aliomba. Nilifumba macho lakini hata neno moja sikulisikia. Nilisikia tu magurudumu yakienda.

Tulingoja kwenye benchi la nje, karibu na mlango wa upasuaji, chini ya mti wa miiba. Mchungaji alimenya machungwa aliyoyachagua Isinya, hakuna aliyekula. Jua likapanda. Watu waliingia na kutoka kwenye ule mlango, na kila ulipofunguka nilisimama. Kila aliyetoka hakuwa wetu.

Mwishowe Elizabeth akasogea.

"Huyo kuku," akasema bila kunitazama. "Anakufa?"

"Sijui."

"Si una kitabu hapo? Angalia basi."

"Nimekatazwa."

"Yeye yuko ndani, hawezi kujua. Sura moja tu. Angalia mwisho, uniambie kama wanaanguka."

Vidole vyangu vilikuwa kwenye zipu. Wiki nzima nilikuwa natamani ile sura ya mwisho, na sasa nilikuwa naiogopa. Nilikuwa nimeingiwa na wazo ambalo sikuweza kulitoa: kwamba nikifungua kabla Yeyo hajatoka, hatatoka. Mimi, ambaye nimemcheka na ndege wake miaka hii yote. Nikaondoa vidole.

"Siwezi, Elizabeth."

Alinitazama vizuri, kisha akaweka mkono wake juu ya kifuko, akaubana pamoja na wangu.

Ndipo ndege akalia. Alikuwa kwenye ule mti wa miiba, karibu sana, akalia tena na tena. Kushoto kwangu. Nilijaribu kujikaza, nikajiambia mimi ni mtu wa kanisa, tena nimesoma. Akalia tena. Nikasimama, nikazunguka benchi, nikakaa upande wa pili nikitazama ukutani, mpaka yule ndege akawa kulia kwangu. Mchungaji Musau aliniona. Alizungusha chungwa mkononi polepole, akatazama pembeni.

Mlango ukafunguka. Nesi alikuwa yule yule, ameshusha barakoa kidevuni, na usoni hakuna nilichoweza kusoma.

"Ngoto Seleyian ni nani hapa?"

Nilisimama nikiwa nimekumbatia kifuko kifuani. Elizabeth akaninyooshea kidole.

"Mgonjwa ameamka," nesi akasema. "Hata hajafungua macho vizuri, anasumbua watu. Anauliza kama yule msichana ameanguka. Msichana gani?"

"Mwambie bado," nikasema, na hapo machozi yakaniponyoka mbele ya Mchungaji na mbele ya kila mtu. "Mwambie sijafungua. Mwambie yuko hewani, anamngojea yeye."